Mzee Mwasambili na Tuba Waliyoiita Ndama

Hii imezunguka magrupu mpaka ikanifikia mimi. Kama nyumbani una mzee anayekataa kupumzisha mgongo, isome halafu mrushie. Kama huyo mzee ndio wewe mwenyewe, kaa vizuri, weka chai pembeni, haichukui muda.

Kulikuwa na mzee mmoja huko milimani Rungwe anaitwa Mwasambili. Zamani alikuwa dereva wa lori la chai. Akastaafu, akabaki na migomba yake na kitu kimoja alichokipenda kuliko hata hiyo migomba. Tuba.

Kwa asiyeijua tuba, ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote kwenye bendi. Limejikunja kama chatu aliyemeza mbuzi, mdomo unatazama mbinguni, na sauti yake inaanza kukufika tumboni kabla ya masikioni. Bendi ya kanisa bila tuba ni ndizi bila chumvi. Utakula, ila utakuwa unaangalia mlango.

Tuba ya Mzee Mwasambili watu waliipa jina, Dume. Ilikuwa kubwa kinoma. Mzee akiivaa unaona kofia juu na viatu chini, katikati ni shaba tupu.

Sasa kule wana utaratibu wao wa Pasaka. Alfajiri, jua halijatoka, bendi inaanzia kanisani inapanda kilima cha makaburi. Watu wote nyuma, kimya. Hakuna kuimba, hakuna kupiga. Wakifika juu, jua likianza tu kuchungulia, tuba inapiga mstari wa kwanza wa wimbo. Peke yake.

Ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko unaotazamana na kilima, wapo wale wasioweza kupanda. Bibi wenye magoti mabovu, wagonjwa, waliojifungua juzi. Wanatoka uani na mablanketi yao wanasubiri. Wakiisikia tuba, wanapiga vigelegele. Wasiposikia, tuba inarudia mstari mpaka wajibu. Vigelegele vikivuka bonde vikafika kilimani, hapo ndio matarumbeta mengine yanaingia, Pasaka imefika! Watu wanakumbatiana, wanacheza mpaka kati ya makaburi. Siku hiyo hakuna kulia.

Kwa hiyo ukiangalia vizuri, anayeifungua Pasaka ya bonde zima ni mpiga tuba. Na mpiga tuba alikuwa Mwasambili tangu nywele zake nyeusi.

Ila mwili nao una siku zake. Miaka miwili ya mwisho kile kilima kilikuwa kinamtesa. Wenzake wameshapanga mstari juu, yeye bado yuko kwenye kona ya chini amelikumbatia Dume kama mtu anayeamua ugomvi. Msafara mzima unamsubiri. Jua nalo lilishachoka kusubiri, likawa linatoka bila yeye. Na akipiga, anarudia mstari mara kadhaa ndio ng'ambo wanajibu.

"Upepo huu," anasema. "Upepo wa siku hizi unarudisha sauti."

Watu wanaitikia, "Kweli mzee, upepo umezidi." Kwani nani amwambie mtu mzima amechoka? Labda wewe.

Basi, Kwaresima moja mwalimu wa bendi, jamaa anaitwa Gwamaka, akaenda mjini, akarudi na kitu kimefungwa kwenye shuka. Siku ya mazoezi akakiweka kwenye benchi, akakifungua mbele ya bendi nzima.

Tuba. Lakini ndogo. Imetumika, imebonyea ubavuni, ila imesuguliwa inawaka.

"Shikamoo mzee," Gwamaka akasema.

"Marahaba. Hii nini?"

"Tuba, mzee."

"Tuba? Imeachishwa ziwa lini?"

Bendi ikavunjika mbavu. Gwamaka akacheka naye, lakini jasho linamtoka.

"Mzee, vidole ni vilevile. Upigaji uleule. Uzito tu ndio nusu."

"Kuna mtu nilimlalamikia uzito?"

"Hapana, mzee."

"Basi huyu ni ndama. Mrudishe kwa mama yake."

Na jina likakaa hapohapo. Ndama.

Gwamaka akajifuta jasho. "Mzee wangu, wazee wa kanisa wamekaa. Wamesema mwaka huu msafara hautasimama njiani. Ama wewe upande na hii ndogo, ama Lusekelo abebe Dume."

Lusekelo ni kijana anapasua mbao. Anabeba gogo begani huku anaongea na simu. Aliposikia jina lake akainamisha kichwa, akawa anasoma viatu vyake.

Bendi nzima wakasikiliza kuku wa jirani anavyoparua.

Aliyedakia ni Asifiwe, mjukuu wa mzee. Huyu dada ni msusi, kwenye bendi anapiga tarumbeta, na mdomo wake hauna breki. Kule babu na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kike anamwita babu yake mume, na anaruhusiwa kumwambia neno ambalo mtu mwingine akilisema anapigwa faini.

"Mume wangu," akasema kwa sauti, "yaani unaogopa ndama?"

"Mke wangu, mimi mtu wa ng'ombe wakubwa."

"Ng'ombe gani? Mwaka jana wewe ulimpandisha yeye, au yeye alikupandisha wewe? Mimi niliona mnasukumana tu."

Hata Lusekelo akacheka. Mzee naye midomo ikamcheza, lakini akajikaza.

"Kaa chini, mke mdogo. Nitawaonyesha."

Akakaa kwenye benchi, akaliweka Dume mapajani, akapuliza. Mwanangu, madirisha yalitetemeka. Vumbi likashuka kutoka darini. Halafu akaichukua Ndama kwa mkono mmoja kama kikombe cha uji, akapuliza mstari uleule. Sauti nzuri, nene, imenyooka. Ila madirisha yakatulia.

"Mmesikia?" akauliza.

"Tumesikia, mzee," bendi nzima ikajibu. Gwamaka akaanza kuikunja ile shuka. Akajua amekwisha.

"Babu," Asifiwe akasema, "umepiga umekaa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kule makaburini kuna benchi?"

Hapo sasa. Watu wazima wamejaa ndani ya kanisa, wanapima tuba mbili kwa mtu aliyekaa kivulini ametoka kunywa chai. Wimbo wenyewe unapigwa juu ya kilima, baada ya kupanda, kwenye baridi, mtu hajatia kitu tumboni. Hakuna aliyeliwaza hilo.

Mzee akaiweka Ndama kwenye benchi. Alipoongea, sauti ilikuwa imeshuka.

"Haitafika ng'ambo," akasema. "Dada yangu Subilaga yuko kule. Tangu avunjike nyonga hajavuka bonde. Kila Pasaka anakaa uani ananisikiliza. Asiponisikia atajua nimekufa. Dume linafika. Hata mwaka jana, nikiwa hoi, lilifika, walijibu. Nyie wenyewe mlisikia."

Bendi nzima ikaanza kuangalia dari. Asifiwe tu ndiye aliyemtazama babu yake.

Mzee akasimama.

"Sawa. Nitapanda na Ndama. Lakini ng'ambo wasipojibu, navua kofia ya bendi palepale makaburini, na asije mtu nyumbani kwangu na soda za kunifariji."

Akaichukua Ndama kwapani, akaondoka. Dume likabaki limekaa kwenye benchi, mdomo wazi.

Wiki zile za kusubiri Pasaka, wapita njia walisikia ngurumo kutoka kwenye migomba ya Mzee Mwasambili. Ukichungulia unamkuta amesimama anapulizia mkungu. Ukimsalimia anaificha Ndama nyuma ya mgongo. Mzee mwenye heshima zake, anaficha tuba kama mtoto aliyeiba sukari! Mbuzi wake walikuwa wanakaa wamemzunguka, masikio juu.

Pasaka ikafika.

Giza la alfajiri, ukungu, nyasi zina umande. Msafara ukatoka. Mzee Mwasambili ameivaa Ndama kwa mkanda begani. Gwamaka yuko mbele, kila hatua anageuza shingo kuangalia nyuma kama mzee amebaki. Alipogeuka kwenye ile kona mbaya, hakumwona. Kumbe hamwoni kwa sababu mzee yuko ubavuni kwake.

"Mwalimu," mzee akamnong'oneza, "mbona unatembea kama bibi harusi?"

Wakafika juu. Jua bado. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mzee ndiye aliyelisubiri jua. Akasimama pale anaangalia ng'ambo. Kuna taa moja ndogo ya uani inawaka, nyumba ya Subilaga. Akaukaza mkanda, akaulegeza, akaukaza tena. Haukuwa uchovu. Ilikuwa hofu tu.

Kidole cha jua kikatokea. Gwamaka akainua mkono.

Mzee akavuta hewa mpaka vifungo vya koti vikalalamika. Akapiga.

Sauti ikatoka. Haikuwa ya kutetemesha madirisha, maana madirisha yenyewe hayapo. Ikateremka kilima, ikapita juu ya migomba, ikaingia bondeni. Na kabla mstari haujafika nusu, wakuu, kabla haujafika nusu!

Vigelegele.

Si vya kuanza kimoja kimoja. Vililipuka kwa pamoja kama mvua ya mawe kwenye mabati. Mzee nusura aitoe midomo kwenye tuba. Akamalizia mstari machozi yakimtoka, matarumbeta yakadaka, na kilima chote kikawa harusi. Watu wanarushana, watoto wanapiga mbinja, mchungaji amepoteza kiatu kimoja hajui.

Lakini Mzee Mwasambili alisimama amekunja uso.

"Wamewahi," akasema.

"Si ndio vizuri, mzee?" Gwamaka akamwambia, huku anaruka.

"Wamewahi mno. Mwaka jana nilirudia mstari mpaka kichwa kikazunguka. Leo sijafika hata katikati." Akageuka. "Asifiwe! Njoo hapa. Umewapigia simu!"

"Mimi?"

"Wewe. Umewaambia wapige vigelegele ili nikubali hiki kidude. Lete simu."

"Simu nimeiacha nyumbani kwenye chaji, babu. Nipekue."

"Sikuamini. Nakwenda kumuuliza dada yangu mwenyewe."

Na akashuka. Tena si kwa njia ya kurudi kanisani. Alishuka upande wa pili, bondeni, akavuka kidaraja cha miti, akaanza kuupanda mteremko wa ng'ambo, Ndama begani. Asifiwe na Gwamaka wanamkimbilia nyuma, wanahema kama mbwa. Alikuwa na hasira, hakujiona hata anavyotembea.

Bibi Subilaga walimkuta kwenye kigoda uani, wanawake wenzake wamemzunguka, gauni lake limelowa uji kifuani.

"Kaka! Ndaga, ndaga!" akapiga makofi, anamshukuru kwa Kinyakyusa. "Pasaka njema! Leo umepiga, kaka, leo umepiga!"

"Pasaka njema, dada. Sasa niambie ukweli. Nani amewaambia mpige vigelegele?"

"Leo hakuna aliyetuambia."

Mzee akamsogelea. "Leo?"

Wale wanawake wakaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vina uji. Bibi Subilaga akamwangalia Asifiwe.

"Mwambie mumeo. Mimi nimechoka kuibeba hiyo siri, nyonga yenyewe ni mbovu."

Asifiwe akapiga magoti palepale kwenye umande. Utani wote ulimtoka.

"Babu, mwaka huu sikupiga simu. Ile miaka miwili iliyopita ndio nilipiga."

"Ulipiga nini?"

"Mwaka juzi ulipofika juu pumzi ilikuwa imeisha. Ulipuliza, lakini kilichotoka hakikuvuka hata makaburi. Ulirudia, ulirudia, kimya. Nikaingia nyuma ya msalaba mmoja mkubwa nikampigia bibi, nikamwambia babu ameshapiga, pigeni vigelegele haraka. Mwaka jana tukapatana kabisa. Nilikuwa nabipu tu, simu iko mfukoni. Ikilia mara moja, wanaanza. Mtandao ndio ulikuwa unachelewesha."

Mzee akamgeukia dada yake. "Hukunisikia?"

"Miaka miwili, kaka," Bibi Subilaga akasema taratibu. "Mwaka juzi tulisimama hapa mpaka uji ukapoa. Nikajua umekufa. Nilipiga vile vigelegele huku nalia. Leo nilikuwa nimeshika simu mkononi, nasubiri ilie. Haikulia. Ghafla wewe mwenyewe ukanguruma kutoka kule juu! Nikajimwagia uji wote. Tazama."

"Na nani mwingine alijua?"

"Bonde zima."

"Mchungaji?"

"Mchungaji ndiye aliyemnunulia Asifiwe vocha."

Mzee Mwasambili akakaa chini kwenye kizingiti. Akaiweka Ndama mapajani, akawa anaitazama. Gwamaka alitamani ardhi immeze na bendi yake.

"Kwa nini mwaka huu hukubipu?" mzee akauliza, bila kuinua kichwa.

"Ningebipu, ungejibiwa na simu tena," Asifiwe akasema. "Nilitaka ujibiwe wewe."

"Na wasingesikia?"

"Ungevua kofia yako, na mimi ningevua yangu. Tungekaa wote nyumbani, tuuze ndizi zako."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Asifiwe akadhani babu analia, akamsogelea. Kumbe anacheka. Kicheko kilianzia chini tumboni, kikapanda, kikamtoka mdomoni, akacheka mpaka kofia ikaanguka yenyewe.

"Upepo!" akasema, anajifuta macho. "Miaka miwili nautukana upepo wa watu! Inuka, mke mwizi wewe, unachafua sketi ya bendi."

Halafu akasimama katikati ya uani, akageukia kilima alikotoka. Watu bado wako juu kule wanacheza, wadogo kama sisimizi. Akavuta hewa, akapiga mstari mzima, sasa kutokea ng'ambo.

Kule kilimani watu wakasimama. Wakageuka. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu, hakuna aliyebipu. Halafu kilima chote kikarudisha vigelegele, wanaume kwa wanawake, na Lusekelo, ambaye tulisahau kusema kuwa alilipandisha Dume usiku kimyakimya akalificha nyuma ya mgomba kwa tahadhari, akalitoa, akanguruma kumjibu mzee. Dume upande ule, Ndama upande huu, bonde katikati linacheka. Bibi Subilaga akacheza mabega akiwa amekaa kwenye kigoda, na wenzake wakamzunguka wakicheza kwa niaba ya miguu yake.

Siku hizi Dume ni la Lusekelo. Na kila kijana mpya wa bendi akimuuliza Mzee Mwasambili kwa nini mkubwa wa bendi anabeba tuba ndogo, anajibiwa hivi: "Ile kubwa ilikuwa inapanda na pumzi yangu yote. Hii inaniachia ya kupigia."

Funzo: Chagua mzigo unaokuachia pumzi, kwa sababu ng'ambo hawaoni ukubwa wa ulichobeba, wanasikia tu ulichobakiza. Na wewe unayempenda mzee wako, mtafutie Ndama mapema, maana vigelegele vya kubipu vinamfurahisha masikio huku vinamnyima ukweli.